Mtoro Aliyetoa Ushuhuda

Kama unasoma haya ukiwa umekaa kwenye benchi la nje la kliniki, lile linalowekwa mbali na mabenchi mengine ili upepo upite, basi nimekuandikia wewe. Watu wa ndani siwaandikii. Wao wana vipeperushi vyenye picha za familia inayocheka, na wana maneno ya kutia moyo, ambayo mara nyingi hutolewa na mtu aliyesimama hatua nne kutoka ulipo.

Nilimaliza dozi yangu ya pili Novemba iliyopita. Mapafu yangu yana kovu, nyayo zangu bado hazijarudi kuwa zangu zote, na ngozi yangu inaanza kufanana tena na picha ya kitambulisho. Nimepona. Lakini sitakuambia kwamba ugonjwa ulinifanya niwe mtu bora. Wanaosema hivyo nawakasirikia mpaka leo, na nina haki ya kuwakasirikia, maana niliwahi kuwa mmoja wao na nilikuwa hodari kuliko wengi.

Kifua kikuu changu kilianza kama mafua ya kipupwe. Mwezi wa sita Dodoma upepo unavuma tangu asubuhi, vumbi linaingia hadi kwenye kopo la chumvi, na nusu ya mtaa wetu wa Chang'ombe inakohoa. Nani angetambua kikohozi changu katikati ya vile vyote? Nilikuwa na miaka ishirini na saba. Nilikuwa nimetoa riwaya moja na naandika ya pili, na ili nile nilikuwa nasahihisha Kiswahili cha tasnifu za wanafunzi wa chuo kikuu pale Chimwaga. Nilikohoa juu ya tasnifu zao wiki saba. Siku sketi yangu ilipodondoka kiunoni nikiwa nimesimama kwenye foleni ya maji, mama alinishika mkono akanipeleka kliniki bila hata kubadilisha kanga.

Vidonge vitatu kila asubuhi, miezi sita. Mkojo mwekundu kama juisi ya rozela. Mama aliandikwa kuwa msimamizi wangu: kazi yake ilikuwa kunitazama nikimeza, kisha kuweka tiki kwenye kadi. Nesi wa kliniki yetu aliitwa Hawa, mwanamke mfupi mwenye sauti ya mwalimu wa zamu, na siku ya kwanza alinipa sentensi moja akanitaka niirudie mbele yake kama mtoto wa darasa la kwanza: utajisikia umepona kabla hujapona, na siku hiyo ndiyo ya hatari. Niliirudia. Nilicheka kidogo, kwa sababu niliona ni sentensi nzuri.

Siku hiyo ilikuja mwezi wa nne wa dozi. Ilikuwa Oktoba, joto la kabla ya mvua, ardhi imekauka mpaka imepasuka. Mashavu yangu yalikuwa yamerudi. Nilikula ugali wa uwele na mlenda sahani mbili, nikamwona mama anageuka kufuta macho. Jumapili iliyofuata nilikwenda kwenye mstari.

Kanisani kwetu, baada ya kwaya ya pili, kuna dakika ishirini za shuhuda. Wenye ushuhuda hupanga mstari upande wa kushoto wa madhabahu, na mzee wa kanisa hushika maiki mwenyewe, haiachii. Kuna taratibu ambazo hazijaandikwa popote lakini kila mtu anazijua. Unaanza kwa Bwana asifiwe. Unasema ulikuwa na hali gani. Unasema wanadamu walifika mwisho wao. Unasema Mungu akatenda. Huwezi kusimama pale ukasema Mungu anaendelea kutenda na nimebakiza miezi miwili. Ushuhuda usio na mwisho hauna makofi, na mimi, kwa kazi yangu, nilijua hilo kuliko mtu yeyote kwenye ule mstari.

Nikawaambia kwamba asubuhi moja niliamka, nikavuta pumzi ikafika chini kabisa, nikajua. Hilo lilikuwa kweli. Nikawaambia kwamba nilivitazama vidonge mezani nikaviona vimekuwa vidogo. Hilo lilikuwa pambo. Kisha nikaona nyuso zao zinaningoja, mamia ya nyuso, zinangoja sentensi ya mwisho, na sentensi ikaja yenyewe, tamu, yenye mizani yake.

"Na tangu siku hiyo," nikasema, "sijameza tena."

Nilikuwa nimemeza asubuhi ile ile.

Kanisa lilisimama. Watu walilia. Mama alipiga vigelegele mpaka akakauka koo, yeye ambaye saa tatu kabla ya hapo alikuwa ameweka tiki kwenye kadi kwa kalamu yake ya bluu. Tulirudi nyumbani. Alijua, na nilijua kwamba anajua. Kesho yake asubuhi aliweka maji mezani, akaweka vidonge, akavitazama.

"Sasa utamezaje," aliniuliza, "na umeshasema mbele ya watu? Unataka Mungu aonekane mwongo?"

Nataka uielewe akili yetu ya asubuhi ile, kwa sababu ndiyo iliyoniua nusu. Hatukuacha dawa kwa kuamini kwamba nimepona. Tuliacha ili maneno niliyokwisha kuyasema yasibaki kuwa uongo. Tuliona hiyo ndiyo njia ya heshima: badala ya kumrudishia Mungu ukweli, tumpelekee mwili wangu aufananishe na ushuhuda. Vidonge tulivifunga kwenye mfuko tukavitupa chooni. Kisha tukaomba, na maombi yalikuwa mazuri.

Kliniki ya kifua kikuu ina jina kwa mtu wa namna yangu. Anaitwa mtoro. Nesi Hawa alipiga simu siku nne, sikupokea. Siku ya tano alishuka kwenye bodaboda mlangoni kwetu, na mama akamzuia nje. Nilikuwa nyuma ya pazia nasikiliza. Mama alimwambia kwamba mtoto amepona kwa damu ya Yesu na kanisa zima ni shahidi.

"Mama, mimi na Mungu hatuna ugomvi," Hawa alijibu. "Ugomvi wangu ni na makohozi. Aje atemee kwenye kikopo, nikaangalie, basi."

Mama alimwambia hakuna makohozi. Hawa alisema nikibadili mawazo dawa zangu zipo, akapanda bodaboda yake. Alirudi tena mara mbili. Mchungaji wetu hakuja hata mara moja kuniuliza hali, na kwa nini aje? Nilikuwa nimepona.

Damu ilikuja Januari, mvua ikinyesha. Nilikuwa nafua uani nikakohoa, povu la sabuni likageuka rangi. Mama aliliona. Hatukutazamana. Aliingia ndani akatoka na mwavuli.

Hawa hakunigombeza. Nilikuwa nimejiandaa kugombezwa, nilikuwa na majibu. "Karibu, mtoro," alisema, akanipa kikopo, akanionyesha benchi la nje. Majibu ya makohozi yalipotoka, daktari kijana mwenye macho ya usingizi alimwita mama pia, akatuambia kwamba vijidudu vimezoea zile dawa za kwanza. Sasa ni kifua kikuu sugu. Dawa nyingine, nyingi zaidi, miezi tisa, kila asubuhi mbele ya nesi. Mama aliuliza kama ni kwa sababu tuliacha. Daktari alitazama karatasi zake akasema inawezekana. Najua alikuwa anatuhurumia. Nilimchukia kwa hilo.

Nilianza Februari, zabibu zikiwa zinauzwa kwenye ndoo barabarani. Sitakueleza kila kidonge kinafanya nini. Nitakueleza benchi. Ni la chuma, limepakwa rangi ya kijani ikabanduka, na saa moja na nusu asubuhi huwa baridi. Mnakaa mmeachana nafasi ya mtu mmoja, wote mmevaa barakoa, na mnajifunza kujuana kwa macho na viatu. Wapita njia wanashika pua. Rafiki zangu waandishi, tuliokuwa tukisomeana kazi zetu kila mwezi kule Chimwaga, walinitumia ujumbe wa kunitakia nguvu, ujumbe mzuri wenye tamathali za semi, na hakuna aliyekuja.

Kisha mwili. Mwezi wa kwanza nilitapika mpaka nikajua rangi zote za nyongo. Mwezi wa pili nyayo zikaanza kuungua, kama nimesimama juu ya bati la mchana, na mama akawa anazilowesha kwenye beseni jioni, akibadilisha maji yakipata moto. Mwezi wa tatu ngozi yangu ikageuka. Dawa moja inafanya hivyo. Walinionya, lakini kuonywa si kuona. Nilianza kuwa na weusi wa kuiva, wenye wekundu chini yake, usoni kwanza, kisha mikononi. Nywele nilinyoa kwa sababu zilikuwa zinatoka zenyewe. Sauti ilikwaruza. Nilipita mbele ya jirani tuliyekua naye, akanipa shikamoo.

Na nilikuwa na hasira. Hasira yangu haikuwa ile ya kuuliza kwa nini mimi; nilijua vizuri kwa nini mimi. Nilikuwa nimemkasirikia Mungu kwa sababu hakuniadhibu sawasawa. Nilimwambia uongo mbele ya madhabahu yake, nikamsingizia kazi ambayo alikuwa bado anaifanya. Ningekuwa mimi ndiye Mungu, ningenimaliza Januari pale kwenye beseni la kufulia. Badala yake kila asubuhi niliitwa kwa jina na kupewa vidonge na kikombe cha maji. Nilikumbuka hadithi ya Shule ya Jumapili ya wale watu jangwani, walivyonung'unika na kuasi, na asubuhi wakaamka wakakuta mkate chini. Nikiwa mtoto nilidhani ni hadithi ya furaha. Benchini niliielewa upya. Fikiria aibu ya kuinama kila siku kuokota mkate wa mtu uliyemtukana jana yake. Ninyi mnaoimba kuhusu rehema mmekunja mikono kifuani, hamjawahi kuipokea. Inachoma.

Mama Yaledi alikuja benchini Machi. Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na kitu, mkulima wa mpunga kutoka Bahi, amefikia kwa dada yake hapo hapo Chang'ombe ili awe karibu na kliniki. Naye alikuwa wa dozi ya pili. Alipenda kuongea, na nafasi ya mtu mmoja kati yetu haikumzuia. Nilimpa shikamoo, akaitika marahaba mwanangu, akaniuliza nyumbani ni wapi, akacheka niliposema bibi yangu alikuwa Mgogo lakini mimi najua salamu tu. "Mbukwenyi peke yake haikupi hata uji," alisema. Alinichekesha wiki nzima.

Wiki ya pili nilimuuliza kwa nini aliacha dozi ya kwanza. Akaniambia.

Kulikuwa na binti, alisema, kanisani kwa dada yake. Binti mzuri, mweupe kiasi, anaongea kama redio. Alisimama akasema Mungu amemponya kifua na hajameza tena. "Nikajisemea, na mimi Mungu si ananijua? Nikatupa vidonge." Alinisogelea kidogo. "Lakini nikuambie kitu, mwanangu. Sikutupa vyote. Nilificha kumi na viwili kwenye kibweta, chini ya vitenge. Nikasema, isije ikawa. Mungu aliiona ile isije-ikawa yangu. Ndiyo maana kwangu ugonjwa umerudi. Yule binti alikuwa na imani. Mimi nilikuwa na kibweta."

Macho yake juu ya barakoa yalikuwa yakinitazama kwa upole, na hayakunijua. Ningeweza kuvua barakoa. Ningeweza kusema maneno matano. Nilikaa pale, mtu wa maneno, nikatazama viatu vyangu.

Katikati ya Aprili aliniaga. Mpunga Bahi ulikuwa umeanza kuingiza maziwa kwenye punje na ndege wameanza kushuka. Nani mwingine angelinda? Nesi alikuwa amempangia kuendelea na dawa kwenye kituo cha afya cha kule kule. Nikamuuliza kama atakwenda kuzichukua. Aliinama akanong'ona, kama mtu anayempa mwenzake siri ya ushindi.

"Safari hii sifichi hata kimoja."

Nilielewa. Alikuwa anakwenda kuacha dawa zote, bila kibweta, ili imani yake ilingane na ya yule binti. Na mimi nikafungua mdomo nikasema, "Mungu akutangulie, mama." Hayo ndiyo niliyosema. Nimeandika uongo mwingi mzuri maishani, na sijawahi kuandika mbaya kama huo.

Wiki tatu baadaye Hawa alikuwa anapanga mafaili akaguna. Mama Yaledi hajafika kituoni Bahi hata siku moja, na simu yake haipatikani. Dawa zake zipo kabatini zinamngoja. Ndipo nikamwambia Hawa kila kitu, nimesimama, nyayo zinaungua. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Unaweza kwenda?" nilimuuliza. "Wewe unajua kuongea nao."

"Mimi nikaseme nini? Mimi sikutoa ushuhuda." Akafunga faili. "Wewe ndiye uliyemtorosha, mdogo wangu. Mrudishe."

Sikuenda. Nataka hilo lijulikane. Nilikwenda kwanza kwa mchungaji, kwa sababu kusimama mbele ya watu mia nne kulikuwa rahisi kwangu kuliko kusimama mbele ya yule mmoja, na kwa sababu sikujua ni wangapi wengine walirudi nyumbani Jumapili ile wakatupa vidonge vyao. Nilimkuta ofisini, mtu mpole, amezoea kusikilizwa. Aliniitikia marahaba, akanipa kiti, na akasogeza chake nyuma kidogo. Nilimwomba dakika mbili kwenye zile ishirini, nifute ushuhuda wangu.

Alifikiri sana. Sikuona hila usoni mwake, na hilo ndilo linaloniudhi. "Ushuhuda haufutwi, binti yangu," alisema. "Kuna watu wachanga kiimani pale. Ukisimama ukasema haikuwa kweli, watajikwaa. Ngoja upone, kisha utoe mwingine. Mungu atatukuzwa mara mbili."

"Kuna mama ameacha dawa kwa sababu yangu, mchungaji. Atakufa."

"Basi tumwombee."

Akafumba macho. Alianza kuomba, na mimi nikasimama nikatoka katikati ya maombi, jambo ambalo sikuwahi kulifanya tangu nizaliwe. Nyuma yangu nilimsikia bado anaendelea, sauti yake nzuri, haina papara.

Nyumbani nilipiga kelele. Nilimwambia mama kwamba yeye na vigelegele vyake, yeye na kalamu yake ya bluu, alijua na akanyamaza. Mengine niliyosema sitayaandika. Mama alikuwa anachambua mlenda. Hakuacha kuchambua. Asubuhi nilikuta hayupo; alirudi nikiwa nimeshatoka kliniki, kanga imejaa vumbi, akakaa kwenye kizingiti akavua viatu.

"Nimekwenda kwa dada yake," alisema. "Ukishuka Bahi, panda bodaboda, mvuke reli, uulize majaruba ya Mama Yaledi." Kisha akasema, bila kunitazama, "Mwambie na mimi nilijua."

Nilipanda basi siku ya pili. Bahi mwezi wa tano, mvua zikiwa zimekuwa nzuri, huwezi kuamini ni nchi moja na sisi. Maji yamesimama kwenye majaruba, mpunga unageuka rangi, na juu yake makundi ya ndege wa kwelea yanapinda kama nguo inayokung'utwa. Mama Yaledi alikuwa amesimama kwenye tuta na debe bovu na fimbo, anaamia ndege. Alikuwa amekonda. Niliona kikohozi kinamwinamisha kabla hajaniona. Bodaboda niliiambia isubiri.

Alinitambua kwa macho, mwenzake wa benchi, akafurahi. Akaanza kuniuliza habari za kila mtu. Nikavua barakoa.

"Mama, yule binti wa kanisani ni mimi."

Aliniangalia uso mzima. Sijui aliona nini chini ya ule weusi. Nikaendelea kabla sijaogopa. Nilimwambia kwamba siku ile asubuhi nilikuwa nimemeza. Kwamba niliacha kesho yake kwa sababu nilikuwa nimeshasema. Kwamba ugonjwa ulirudi na ukawa mbaya zaidi. Kwamba pale benchini nilijua anamsema nani, nikanyamaza, na mama yangu naye alijua tangu mwanzo.

Ndege walishuka nyuma yake. Hakuwafukuza.

"Ulikuwa umemeza," alisema.

"Vidonge vitatu, mama."

"Kwa hiyo vile vya kwenye kibweta..."

"Vile havikuwa na kosa lolote."

Alikaa chini kwenye tuta, taratibu, kama mtu aliyeambiwa habari ya msiba. "Nafunga siku tatu kila wiki tangu Pasaka," alisema. "Na kifua hiki. Namwomba Mungu aniondolee mashaka, anisamehe mashaka yangu. Kumbe muda wote huu nalia kwa dhambi yako wewe."

Nilipiga magoti kwenye tope nikaanza kumwomba msamaha, na maneno yakaanza kuja kama kawaida yake, yamejipanga.

"Nyamaza," alisema. "Unaongea vizuri mno. Nyamaza kwanza."

Nikanyamaza. Alikohoa, akatema, akafukia kwa mguu. Kisha akauliza kama ni kweli dawa zake zimeletwa. Nilimwambia zipo kituoni, kwenye kabati, kwenye boksi lenye jina lake.

"Jina langu? Na nimetoroka mara mbili?"

"Ndiyo, mama."

"Nani aliwaambia waandike?"

"Hakuna aliyewaambia. Ndivyo wanavyofanya."

Alinyanyuka. Alikuwa amekasirika, na hasira ile ilimnyoosha mgongo, ikampa rangi. Akanisukumia debe na fimbo kifuani. Akaniambia nisimame pale, nisikae. Nikikaa wanakula, nikinyamaza wanakula. Kisha akaenda hadi barabarani, akapanda bodaboda ya yule kijana niliyemwacha anasubiri, na wakaondoka.

Nilibaki. Sijui kama umewahi kuamia ndege ukiwa na miguu inayoungua na mapafu ya miezi minne ya dozi. Unapiga debe, wanaruka, wanashuka upande mwingine. Unakimbia huko, wanarudi ulikotoka. Unatakiwa kupiga kelele, na sikuwa na la kupigia kelele, kwa hiyo nikampigia Mungu. Nilimwambia kila kitu. Nilimwambia alikuwa anajua, alikuwa pale kwenye mstari, angenikaba koo. Nilimuuliza kwa nini alimwacha yule mama afunge kwa ajili yangu. Nilimwambia sitaki uaminifu wake, kwamba mtu akivunja ahadi na mwenzake akaendelea kuitimiza ya kwake, huo ni upendo gani, huo ni kumfanya mtu asiwe na mahali pa kuweka uso. Kuna nabii mmoja alimkasirikia Mungu kwa sababu aliusamehe mji mwovu. Siku ile jua likinichoma nilielewa kwamba mimi ndiye ule mji, na mimi ndiye yule nabii, na sikuwa nimependa kuwa hata mmoja kati yao. Nilipiga debe mpaka likabonyea. Hakunijibu. Mpunga uliendelea kuinama kwa uzito wake, na ndege wakaendelea kuja.

Mama Yaledi alirudi alasiri, kwa miguu, na mfuko wa karatasi mkononi. Alipita pembeni yangu bila salamu, akatembea tuta zima akikagua. Alisimama upande wa reli.

"Wamekula kona yote hii," alisema.

"Nilijitahidi, mama."

"Hukujitahidi." Akachukua debe, akaligeuza, akaona lilivyobonyea. "Nenda nyumbani ukachukue nguo. Mpunga bado wiki tatu. Utalala na binti yangu."

Nikamwambia kwamba nina dawa zangu kila asubuhi mbele ya nesi, siwezi kuziacha.

"Nani kakwambia uziache? Waambie wazihamishie hapa, lile kabati lina nafasi." Alifungua ule mfuko, akahesabu vidonge vyake kwenye kiganja, midomo ikitikisika. "Utamezea mbele yangu. Mtu akiniambia amemeza, mimi siamini tena mpaka nione ulimi."